Picha Ilitangulia Wimbo

Ijumaa, 7 Novemba 1997

Leo nimegombana na Abdulrazaki mpaka wateja wake wakatoka nje kutuachia nafasi. Ugomvi wenyewe ni ule ule. Amechukua wimbo wa mapenzi akautilia picha za katuni za Kijapani, na kila neno amelitafutia picha yake. Mwimbaji akitaja moyo, unaonekana moyo. Akitaja machozi, msichana analia. Akitaja njiwa, huyo njiwa.

Nikamwambia, "Abdul, hii si kanda, huu ni ubao wa darasa la kwanza."

"Watu wanaelewa, Mwalimu."

"Ng'ombe naye huelewa akionyeshwa majani. Picha ikilirudia neno, mmoja kati yao hana kazi. Mfukuze."

Akacheka, maana yeye huchekea kila kitu asichokiweza. Ana duka la kukodisha kanda za video pale karibu na soko, ana deki mbili, na ana binamu Maskati anayemletea katuni zilizotiwa Kiarabu. Mtaa mzima hapa tunaswali kwa Kiarabu na hakuna hata mmoja anayeelewa katuni ya Kiarabu. Ndipo mimi nilipoingia. Nilizima ile sauti, nikakata picha, nikapanga upya, nikaweka taarabu juu yake. Sasa kila Ijumaa baada ya swala wanawake wanajaa dukani kutazama "kanda za Bi Stara." Serikali ilinipunguza kazini, nimepata darasa kubwa kuliko lile la mwanzo, na hili halina mkaguzi.

Jumapili, 16 Novemba

Vumbi. Barua yangu kwa gazeti imetoka nusu. Nusu waliyoichapa inatosha kuwanyima usingizi wanaouza mashine za viwanda vya umma kwa bei ya chuma chakavu.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua ya kwanza, mapema mno. Salwa ametoa ndoo zote uani bila kuambiwa. Ni binti wa kaka yangu Mrisho, lakini nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki akiwa na miaka minne. Ataolewa na Aiman, mtoto wa Zuleha ambaye sipatani naye, baada ya Idi. Anashona shela yake mwenyewe. Nikimwambia ndoa ni soko jingine lililofunguliwa ruksa, ananijibu, "Sawa, shangazi, lakini nishikie hapa nipige pini."

Jumamosi, 29 Novemba

Leo Zuleha amenivua nguo mbele ya watu bila kunigusa.

Ilikuwa shughuli ya arusi kwa jirani. Mwimbaji akafika kwenye ubeti wa mti wa kivuli usiojua tunda. Zuleha akainuka. Hakuinuka mapema wala kuchelewa, aliinuka penye neno lenyewe. Akatembea taratibu, kipepeo cha Kihindi cha kujipepea mkononi, uso umepaushwa kwa mikorogo ya dukani mpaka umekuwa rangi ya unga wa muhogo, akamtunza mwimbaji noti, halafu akageuka akanitazama mimi. Kila mwanamke pale anajua maana yake. Ukitunza penye neno, neno hilo umelitia anwani. Mimi sikuzaa, na mume aliniacha kwa sababu hiyo. Wanawake wakapiga vigelegele.

Na huyu ndiye atakayekuwa mkwe wa mwanangu.

Salwa akaninong'oneza, "Shangazi, nakuomba, usijibu. Kwa ajili yangu."

Sikujibu. Nimekaa nimeshika mkoba wangu kama abiria. Lakini kanuni ninaijua: aliyetukanwa kwa wimbo hujibu kwa wimbo, na asipojibu amekubali.

Ijumaa, 5 Desemba

Duka lilijaa hadi mlangoni. Zuleha naye alikuja, akapewa kiti cha mbele. Nilionyesha kanda ambayo ndani yake kuna malkia wa katuni, uso mweupe, nywele za dhahabu, kipepeo mkononi, anawaangalia watu kwa kope nusu. Nilimweka juu ya wimbo wa dua, wakati waimbaji wanaomba unyenyekevu. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji ya korongo.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, yule malkia ni nani?"

"Anayejijua."

"Labda picha imejiangukia tu?"

Nikasimama. Nilisema maneno haya na nayaandika kama nilivyoyasema: "Wengine wanabandika. Mimi nakata. Katika kanda yangu hakuna picha inayoangukia neno kwa bahati mbaya. Ikianguka, nimeiangusha mimi."

Wakapiga makofi. Zuleha alijipepea mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya asali, "Mashaallah, Stara. Asiye na wana huchezea watoto wa picha."

Hapo ndipo nilipoamua.

Jumanne, 23 Desemba

Reli imekatika kwa mafuriko. Mvua haijakaa chini tangu Jumamosi. Wazee wanasema Dodoma haijaona maji ya namna hii. Sukari inaadimika, na walioinunua wanaificha. Soko huria hilo: mvua ikinyesha, kila mtu yuko huru kumkamua jirani yake.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Tumefunga. Nyimbo zimesimama. Nimeanza kutunga mwenyewe.

Jumapili, 11 Januari

Beti nane zimekamilika. Nitazitengenezea kanda ya siku ya wanawake, alasiri ya kuamkia nikahi. Wimbo utamsifu bibi arusi mwanzo na mwisho, na kabla tu ya mwisho, mahali ambapo wageni wameshashiba na kulegea, nitaweka ubeti mmoja wa Zuleha:

*Kimetolewa darini, rangi mpya kimetiwa,*
*Kimewekwa hadharani, eti kipya chasifiwa,*
*Masizi yangali ndani, wapishi wanaelewa,*
*Mnunuzi samahani, chungu kimeshapikiwa.*

Mwanamke wa miaka hamsini anayejipaka mpaka masikio akidai arobaini na tatu. Kila mtu atacheka, na hakuna atakayeweza kusema nimemtaja. Juu ya mistari miwili ya mwisho atakuwa malkia na kipepeo chake. Halafu ubeti wa dua, "Ua letu twalitoa, lichumeni kwa upole," na hapo atatokea yule msichana wa nywele za buluu ambaye katika kanda zangu wanawake wote wameshamjua kuwa ni Salwa wangu. Anavua ukaya wa usoni chini ya mti unaopukutisha maua, anageuka, anatabasamu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizonazo. Nimeiweka tangu mwaka jana bila kuitumia, nikiitunzia siku yake.

Salwa ameniuliza natunga nini. Nimemwambia, dua.

Jumamosi, 24 Januari

Kuta za choo cha jirani zimelala. Sasa wanatumia choo chetu.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Zuleha ameleta sinia la biskuti na vitenge viwili kwa Salwa. Amemshika kidevu akasema, "Huyu nitamwogesha mwenyewe kwa maziwa." Unafiki una harufu ya iliki.

Jumapili, 8 Februari

Mwimbaji amerekodi wimbo wangu kwenye kaseti, kinanda na ngoma mbili. Nimekata picha siku tatu mfululizo. Kazi yetu inakwenda hivi, na wanaonakili wajue: kwanza picha bubu, wimbo mwisho. Deki moja inacheza, nyingine inarekodi. Ukibonyeza, ile inayorekodi hurudi nyuma kidogo kabla ya kuanza, kwa hiyo lazima ubonyeze pumzi moja kabla ya unachokitaka. Urefu wa kila picha naupima kwa kuimba. Nimeshauimba ubeti wa chungu mpaka Abdulrazaki ameuhifadhi.

"Mwalimu," ameniambia, "huyu malkia si mkwe wenu mtarajiwa?"

"Wewe ungeweka nini juu ya neno chungu?"

"Chungu."

"Basi nyamaza."

Jumatano, 18 Februari

Nguzo za umeme zimeanguka upande wetu wote wa mji. Abdulrazaki amewasha jenereta. Petroli yenyewe ya kuombana.

Ijumaa, 20 Februari

Kutia wimbo juu ya picha ndiyo kazi ya mwisho, na tumeifanya leo, siku moja kabla ya siku ya wanawake, maana picha zilikamilika umeme umeshakatika, na petroli ya kutosha tumeipata leo. Redio kaseti hatuichomeki kwenye jenereta kwa kuwa huleta mvumo kwenye sauti. Huwa tunatumia betri. Betri mpya mjini hakuna, treni haijafika. Siku nyingine zote betri zikichoka tunazianika juani zinafufuka, lakini jua lenyewe liko wapi? Nilizipanga pembeni mwa jiko la mkaa, Abdulrazaki akaziuma moja moja kwa meno, tukazirudisha. Redio ikaimba.

Wakati tunarekodi mvua ilipiga bati kama mtu anayemwaga kokoto. Sikusikia neno hata moja. Nilizitazama picha tu: zilipita kwa mpangilio wake, malkia, msichana, giza. Abdulrazaki akapaza sauti, "Turudie tusikilize mvua ikikata?" Jenereta ikajibu kwa kuzimika. Petroli iliyobaki kwenye dumu ni ya kesho.

Nimeleta kanda nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, kifuani.

Jumamosi, 21 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Walikuja wanawake wa pande zote mbili. Kaka Mrisho alifunga turubai uani, televisheni ikawekwa juu ya meza ya chakula, spika mbili za kukodi. Mvua ilikata saa ya alasiri kana kwamba nayo imekuja kusikiliza. Salwa alikaa kwenye mkeka katikati, hina mpaka kwenye viwiko, kichwa amekiinamisha kama inavyotakiwa. Zuleha alikaa mbele yake kwenye kiti. Alikuja na kipepeo.

Wimbo ulipoanza nikasikia kitu. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nzito kidogo, kama mtu aliyeamka. Nikadhani ni spika. Ubeti wa kwanza ulikaa sawa. Wa tatu, neno "mlango" lilianza wakati mlango umeshafungwa. Wa tano, farasi alifika kabla ya kuitwa. Nikaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote pale kuelewa: betri zilikuwa zinachoka tukirekodi, wimbo unakwenda polepole, na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyozidi kuachwa. Picha ilikuwa mbele, wimbo unaifuata kwa nyuma kama kiwete anayefuata msiba.

Ningeweza kuinuka nikachomoa waya. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye meza. Nilikuwa napiga hesabu, kama fundi anavyopiga hesabu, neno gani litaangukia wapi.

Malkia alitokea kwenye "kimetolewa darini." Wanawake wakaanza kuguna kwa utamu, viwiko vikagusana. Zuleha alikaza shingo. Kwenye "masizi yangali ndani" malkia akaondoka. Msichana wa nywele za buluu akasimama chini ya mti. Maua yakapukutika. Akavua ukaya, akageuka, akatabasamu, na sauti ikasema polepole, kila neno na nafasi yake:

*Mnunuzi samahani, chungu kimeshapikiwa.*

Halafu picha ikaisha. Dua ya ua letu iliimbwa yote juu ya giza.

Zuleha aligeuka, akamtazama Salwa. Kwa nyuma, upande wa bwana arusi, mtu akasema, "Kumbe!" Mwingine akasema, "Wa ndani ndiye aliyesema." Kisha dada yake Zuleha akainuka, akafungua pindo la kanga, akaenda kumtunza mwimbaji aliyekuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Noti juu ya paji la uso. Akageuka akamtazama Salwa.

Nikasema, "Ni betri!" Sauti yangu ilikuwa kubwa mno.

Salwa alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa anamwangalia Zuleha. Alikuwa ananiangalia mimi.

Jumapili, 22 Februari

Hakuna nikahi. Wali wa watu mia mbili tumewapa watoto wa chuo cha Kurani.

Jumatatu, 23 Februari

Kaka Mrisho ameniita. Mtu mpole, muuza ufuta, hajawahi kunikatiza maneno maisha yake yote. Leo amenikatiza.

"Dada, unajua kitu kuhusu huyu mtoto?"

"Sijui kitu kwa kuwa hakuna kitu."

"Mbona umeimba?"

Nikamweleza betri. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na ubeti wenyewe uliutunga kwa ajili ya nani?" Nikasema Zuleha. Akafumba macho. "Kwa hiyo ulikuwa unavunja arusi kwa mlango huu ikavunjikia mlango ule."

Aiman ameleta ujumbe: anangoja wakubwa waamue. Kijana wa miaka ishirini na tisa, ana simu ya mezani ofisini, anangoja wakubwa.

Jumanne, 24 Februari

Zuleha amekuja. Peke yake, kwa miguu, matope mpaka kwenye pindo la buibui, uso haujapakwa kitu. Kumbe ana madoa meusi mashavuni, makubwa, ya kuungua. Nilimwangalia nikasahau kumkaribisha.

"Stara, mimi si mjinga. Yule malkia ni mimi. Nimejijua tangu Desemba. Nataka unijibu kitu kimoja tu. Lile neno la chungu lilikuwa langu, au la mtoto?"

"Lilikuwa lako."

Akashusha pumzi. Akasema, "Alhamdulillahi."

Nimeishi miaka arobaini na tisa nikiwatukana watu kwa kalamu na kwa mdomo, na hakuna aliyewahi kumshukuru Mungu kwa tusi langu.

"Mimi nampenda yule binti," akasema. "Nimezaa wanaume watupu. Nilikuwa nimeshamwekea chumba. Sasa sikiliza. Jumamosi nawaita wanawake wote kwangu. Wewe utasimama, useme umekosea, mkono uliteleza, neno lilikuwa la kunitania mimi. Mimi nitacheka. Nitakutunza hapo hapo, mbele yao. Yataisha, na Aiman ataoa."

"Mkono wangu haukuteleza. Betri ndizo..."

"Stara. Sema umekosea. Ni neno moja."

Nilimwahidi. Alipotoka Salwa alikuwa nyuma ya pazia. Alinishika mikono yote miwili, hina bado mbichi rangi yake. "Shangazi, utasema hivyo hivyo? Bila kuongeza?"

"Bila kuongeza."

Ijumaa, 27 Februari

Nimeandika hotuba. Nimeikata. Nimeikata tena.

Jumamosi, 28 Februari

Nilisimama vizuri. Wanawake walikuwa wamejaa barazani kwa Zuleha, yeye amekaa mbele, na mkononi mwake, chini ya kanga, niliiona noti ameshaikunja tayari kunitunza. Salwa alikaa karibu na mlango, ushungi umeshushwa.

Nikasema, "Wenzangu, nimekuja kusema kwamba ile kanda ilikosewa."

Laiti ningekaa chini hapo.

Lakini niliona sura zao, zile sura za watu wanaosubiri uongo, nikaona ni lazima waelewe. Nikaeleza jinsi picha inavyotangulia, jinsi wimbo unavyotiwa juu, jenereta, mvumo, betri, jiko la mkaa. Dada yake Zuleha akasema, "Betri!" na pale barazani pakapasuka kicheko. "Betri zimemwona Salwa!"

Mwingine, yule yule aliyeniuliza Desemba malkia ni nani, akainuka. "Mwalimu, si ulitufundisha wewe? Ulisema wengine wanabandika, wewe unakata. Ulisema kwako hakuna picha inayoangukia neno kwa bahati mbaya. Leo betri zimesoma chuo gani?"

Wakacheka zaidi. Nilimtazama Zuleha. Zuleha alinitikisia kichwa polepole: nyamaza, kaa, inatosha. Alikuwa ameshaanza kuinuka na noti yake.

Nikasema, na sikuwa nimekusudia kusema, "Nyinyi mna akili za kupepetea uwele! Mnadhani ningetaka kumsema Salwa ningeshindwa kumtaja? Neno lilikuwa la huyu hapa! Lilimfaa! Anayechubua uso akauficha umri, akamficha na yule mume wa kwanza wa Kondoa aliyemtoroka na sufuria zake! Huyo angetosha chungu kimoja? Ni jiko zima!"

Hapo hakuna aliyecheka.

Zuleha alibaki nusu amesimama. Kisha akakaa. Akaikunja ile noti tena, ndogo zaidi, akairudisha kwenye pindo la kanga, akalifunga fundo. Alilifunga kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Katika nyumba yenye mdomo huu siwezi kutafutia wajukuu wangu mama."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Salwa alikuwa ameshatoka.

Jumapili, 1 Machi

Mvua.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Salwa anafumua shela. Anaukunja uzi kwenye kipande cha gazeti. Ni ukurasa wenye barua yangu.

Ijumaa, 13 Machi

Abdulrazaki anaikodisha kanda. Nilikwenda nikiwa na nia ya kumvunjia kioo cha duka.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Mama mmoja alikuja na nakala, Mwalimu. Sijui aliipata wapi. Sasa wanaitaka wote. Wanaitaka hadi Mpwapwa." Akasita. "Wanasema ni kali kuliko zote ulizowahi kukata."

Nilitaka kumtukana, lakini ni kweli. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Malkia juu ya neno lile ingekuwa kazi ya Abdulrazaki: mwanamke mbaya, neno baya, moyo na moyo, njiwa na njiwa. Lakini yule msichana aliye safi, anayegeuka chini ya maua na kutabasamu huku neno linamwangukia naye hajui, hiyo ni picha inayomfanya mtazamaji asiweze kumeza mate. Miaka yote nimehubiri kwamba picha isilirudie neno, iligeuzie uso. Betri mbovu zimekifanya bila kujua nilichoshindwa kukifanya nikijua. Abdulrazaki na vyungu vyake juu ya vyungu hajawahi kumuua mtu. Wala hajawahi kumwamsha.

Jumanne, 17 Machi

Watoto wanaimba "chungu kimeshapikiwa" kisimani. Salwa amerudi na ndoo tupu. Nikatoka na fimbo. Waliniimbia na mimi.

Jumapili, 22 Machi

Treni imefika. Betri mpya kila duka.

Jumatano, 25 Machi

Nimeirekodi upya. Kila neno limekaa mahali pake. Malkia na chungu. Msichana na dua. Nimeipeleka kwa Zuleha, mtumishi akaipokea mlangoni. Jioni imerudishwa, haijatolewa hata kwenye karatasi.

Jumapili, 29 Machi

Kaka Mrisho amempata mume. Anaitwa Yahaya, mfanyabiashara wa samaki Mtera, bwawa limejaa na mambo yake yamemnyookea. Ana wake wawili na meno manne ya mbele ya bandia. Hakuuliza swali lolote kuhusu bibi arusi. Kaka anadhani hiyo ni heshima.

"Mrisho, unamtupa."

"Dada, mimi nauza kilichobaki. Rangi umeipaka wewe."

Miaka yote nilidhani kaka yangu hajui kutumia maneno.

Jumamosi, 4 Aprili

Aiman amechumbia binti wa karani, mtaa wa Makole. Haikumchukua hata msimu mmoja.

Ijumaa, 10 Aprili

Salwa ameozwa leo baada ya swala. Hapakuwa na hina, hapakuwa na kanda. Gari la samaki litamfuata kesho asubuhi.

Jumamosi, 11 Aprili

Alikuja kuniaga kabla gari halijafika. Alinisalimu shikamoo kama siku zote, akakaa kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho hajawahi kukikalia katika nyumba hii. Nilimwambia nimeirekebisha ile kanda, kwamba nataka aondoke akiwa ameiona jinsi ilivyokusudiwa, kwamba hata kama mji hauamini, yeye aamini.

"Weka," akasema.

Umeme ulikuwepo. Abdulrazaki amenikopesha deki moja. Aliitazama yote, mikono mapajani. Msichana akatokea juu ya dua, akatabasamu, maua yakapukutika, ua letu twalitoa. Nilikuwa namwangalia yeye, si kioo.

"Umeona?" nikasema. "Lilikuwa la Zuleha. Wewe ulikuwa kwenye dua."

"Nimeona. Sasa niwekee ile nyingine."

"Ya nini?"

"Niwekee, shangazi."

Nikaiweka. Aliitazama nayo yote, hadi lile giza la mwisho. Nje dereva akapiga honi. Akainuka, akajifunga ushungi mbele ya kioo changu, taratibu, akachoma pini.

"Siku ile," akasema, bado anajitazama kwenye kioo, "wote walimwangalia Zuleha, halafu wakaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Neno lilipoanguka, kabla hujapiga kelele za betri, ulitabasamu."

"Kidogo tu. Kama unavyotabasamu dukani kanda ikikaa vizuri. Nimejiambia wiki hizi zote kwamba niliona vibaya. Niliona vibaya?"

Nimebishana na wahariri, na makatibu tarafa, na mashehe, na mapadri wawili. Nina maneno ya kumtosha kila mtu. Lakini mtoto huyu sijawahi kumdanganya, tangu alipokuwa na miaka minne akiniuliza mama yake amekwenda wapi.

"Hukuona vibaya," nikamwambia. "Picha ilikuwa imepatia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi. Akabeba cherehani yake mwenyewe mpaka kwenye gari, dereva alipotaka kumsaidia akakataa.

Jumapili, 12 Aprili

Jua kali, la kwanza tangu Novemba. Nimeanika zile betri mbovu.